Robin Lawrence: Daktari aliyeishi miaka 45 kwa sindano ya nyumbani

Mwezi Mei mwaka 1923, katika mji wa Florence nchini Italia, daktari mmoja kijana kutoka Scotland alikuwa akisubiri kufa. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mwili ulikuwa umebaki mifupa, miguu ilikuwa dhaifu na yenye maumivu kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa imeharibika, na majira ya baridi yaliyotangulia alikuwa ameugua mkamba uliomwacha hoi kabisa. Hakwenda Florence kutafuta tiba. Alikwenda kwa sababu hakutaka wazazi wake wamwone akifa.

Ndipo ikamfikia telegramu kutoka London. Mwenzake wa zamani katika hospitali aliyokuwa akifanya kazi, Dk. G. A. Harrison, alikuwa anamjulisha kwamba amepata dawa mpya iitwayo insulini, kwamba inafanya kazi, na kwamba arudi haraka.

Daktari huyo aliitwa Robert Daniel Lawrence, ingawa karibu kila mtu alimwita Robin. Wasikilizaji wetu wengi pengine hawajawahi kusikia jina lake. Lakini mtu yeyote mwenye kisukari anayejichoma sindano ya insulini asubuhi nyumbani kwake, bila kumsubiri muuguzi, anafanya jambo ambalo Lawrence alitumia maisha yake yote kulitetea na kulifundisha, huku naye akilifanya mwilini mwake kila siku.

Lawrence alizaliwa Novemba 18, 1892 katika mji wa Aberdeen, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa brashi, tena mwenye biashara nzuri. Kijana alisoma Kifaransa na Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, kisha akapelekwa Glasgow kufanya kazi katika duka la vitambaa la mjomba wake. Kazi ya duka ilimshinda baada ya wiki chache tu. Akarudi chuoni, safari hii kusomea udaktari, na huko ndiko alikong'ara. Alipata medali za dhahabu, akacheza mpira wa magongo na tenisi kwa niaba ya chuo, akaongoza baraza la wanafunzi, na mwaka 1916 akahitimu kwa heshima.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea. Aliingia jeshini kama daktari na kupelekwa mpakani mwa India, akarudishwa nyumbani mwaka 1919 kwa sababu ya ugonjwa wa kuhara damu. Baada ya kupumzika na kuvua samaki kwa miezi michache, akahamia London na kuajiriwa katika Hospitali ya King's College. Alitaka kuwa mpasuaji, na alikuwa ameshaanza kazi katika idara ya masikio, pua na koo.

Siku moja alikuwa anajifunza upasuaji wa mfupa ulio nyuma ya sikio, akifanya mazoezi kwenye maiti kwa nyundo na patasi. Kipande kidogo cha mfupa kikaruka na kumwingia katika jicho la kulia. Jicho likaoza kwa maambukizi, akalazwa. Katika vipimo vya kawaida vya wodini, mkojo wake ukaonekana una sukari. Daktari hakuwa amefikisha miaka 30, na sasa alikuwa na kisukari.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana kisukari cha mwaka 1920 si kisukari tunachokijua leo.

Mwili wa mtu mzima hutengeneza insulini ndani ya kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Insulini ndiyo inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika viungo vya mwili ili iwe nguvu. Kwa watu kama Lawrence, kongosho huacha kuitengeneza. Chakula kinaliwa lakini mwili hauli. Sukari hujazana kwenye damu, humwagika kwenye mkojo, mgonjwa hunywa maji bila kukata kiu na hukojoa usiku kucha, na nyama ya mwili huyeyuka. Mwisho wake damu huwa na sumu, pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, mgonjwa hupoteza fahamu na kufa.

Kabla ya insulini, madaktari walikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa: njaa. Mgonjwa alipunguziwa chakula, hasa vya wanga, hadi sukari ikaisha kwenye mkojo. Mtoto aliyetibiwa hivyo angeweza kuishi mwaka mmoja au miwili zaidi, akiwa mifupa mitupu inayotembea. Yalikuwa matibabu ya kikatili, na waliokuwa wakiyatoa walilijua hilo. Hawakuwa na lingine.

Lawrence naye akawekwa kwenye chakula hicho. Ndoto ya upasuaji ikaisha. Alihamia maabara ya kemia ya hospitali hiyohiyo, akafanya kazi chini ya Dk. Harrison, na ingawa alikuwa hana nguvu alifanya utafiti kwa ajili ya shahada ya juu ya udaktari. Alipoona siku zake zinahesabika, akafunga safari kwenda Florence, mji uliokuwa na wakazi wengi Waingereza, akafungua ofisi ndogo ya kutibu watu. Mgonjwa mahututi akawa anatibu wagonjwa.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mambo yalikuwa yanabadilika. Katika majira ya joto ya mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walifanya majaribio kwa mbwa katika maabara ya Profesa John Macleod, wakapata maji kutoka kwenye kongosho yaliyoshusha sukari ya damu. Mkemia James Collip akaisafisha dawa hiyo. Januari 1922, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa taabani, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa sindano yake. Ile ya kwanza haikufanya vizuri. Iliyosafishwa zaidi, siku 12 baadaye, ikashusha sukari yake. Banting, Best na Collip waliuza haki ya ugunduzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, na mwaka 1923 Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel.

Dawa ilitengenezwa kutokana na kongosho za ng'ombe na nguruwe zilizokusanywa machinjioni. Mwanzoni ilikuwa kidogo na ghali. Nchini Uingereza ilianza kupatikana kwa upana zaidi katika miezi ya kwanza ya mwaka 1923, na ndiyo maana telegramu ya Harrison ilifika Mei na si kabla.

Lawrence hakupanda treni. Aliingia kwenye gari lake na kuendesha kutoka Italia, akipita nchi baada ya nchi, kwa miguu ambayo haikumtii vizuri. Alifika Hospitali ya King's College Mei 28, 1923. Madaktari walimpima kwanza, na Mei 31 akachomwa sindano yake ya kwanza ya insulini.

Alibaki hospitalini miezi miwili. Nguvu zilirudi, nyama ikarudi. Lakini wodini alifanya kazi nyingine zaidi ya kupona: alijifunza. Alijifunza kupima chakula kwa mizani, kupima mkojo, kuhesabu dawa, na kujichoma mwenyewe. Alipotoka alipewa kazi katika maabara ya hospitali hiyo, na tangu hapo hakushughulika tena na jambo jingine ila kisukari.

Kwa nini lilikuwa jambo kubwa mgonjwa kujichoma mwenyewe? Wakati ule sindano ilikuwa mali ya daktari na muuguzi. Mtu wa kawaida aliiogopa, na walikuwapo madaktari waliotilia shaka kama mfanyakazi wa kiwandani au mama wa nyumbani angeweza kukabidhiwa dawa inayoweza kuua akikosea kipimo. Lakini insulini haisubiri. Haiwezi kunywewa kama kidonge, kwa sababu tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama, ikaisha kabla haijafika kwenye damu. Tena ile ya mwanzo ilifanya kazi kwa saa chache tu, hivyo wengi walihitaji sindano mbili au zaidi kila siku, kabla ya kula, maisha yote. Hakuna hospitali duniani yenye wauguzi wa kutosha kumfuata kila mgonjwa nyumbani asubuhi na jioni. Ama mgonjwa ashike bomba la sindano mwenyewe, ama afe akiwa na dawa kabatini.

Lawrence alilijua hilo bila kusoma popote. Asubuhi alijichoma, kisha akaenda kliniki kumfundisha mwingine kujichoma.

Tazama jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa. Bomba lilikuwa la kioo na sindano ya chuma, nene kuliko za leo. Vyote vilichemshwa jikoni au kuhifadhiwa kwenye spiriti, na sindano ilipokuwa butu ilinolewa kwenye jiwe kama kisu kidogo. Sukari ya damu haikupimwa nyumbani. Mgonjwa alichukua matone machache ya mkojo, akayatia kwenye mrija wa kioo wenye dawa ya rangi ya buluu, akachemsha kwa dakika chache na kutazama rangi. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikifika rangi ya machungwa au ya tofali, ni nyingi. Kwa rangi hiyo mtu aliamua kipimo cha dawa. (Msikilizaji usije ukaiga hayo ya kunoa sindano. Leo sindano ni za kutumia mara moja na kutupwa mahali salama, na ni nyembamba kiasi kwamba wengi hushangaa mara ya kwanza kwa jinsi wasivyosikia maumivu waliyoyatarajia.)

Baada ya sindano palibaki chakula, na chakula ndicho kilichowachanganya wagonjwa zaidi. Lawrence alitunga mpango rahisi aliouchapa kwenye kadi, upande mmoja kwa wino mweusi na mwingine kwa wino mwekundu. Kila fungu jeusi lilikuwa chakula chenye gramu 10 za wanga, kama nusu ya kipande cha mkate hivi. Kila fungu jekundu lilikuwa chakula cha protini na mafuta, kama yai au nyama. Fungu moja jeusi na moja jekundu yalikuwa mstari mmoja, na daktari alimwambia mgonjwa ale mistari mingapi asubuhi, mchana na jioni. Mtu aliweza kubadilisha mkate kwa viazi, au yai kwa jibini, bila kumuuliza daktari. Mtu asiyejua hesabu nyingi aliweza kuufuata, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sifa kubwa ya mpango ule.

Mwaka 1925 alichapisha kitabu, The Diabetic Life, kuhusu maisha ya mtu mwenye kisukari. Kilichokuwa kigeni ni kwamba aliwaandikia madaktari na wagonjwa pamoja, katika kitabu kimoja, kana kwamba wanakaa meza moja. Kilichapishwa upya mara nyingi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Mwaka 1929 akatoa kingine kifupi zaidi, kwa ajili ya wagonjwa na wauguzi.

Kuna jambo moja alilolichunguza ambalo wakulima watalielewa haraka kuliko watu wa ofisini. Mwaka 1926 aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba mtu aliyejichoma insulini kisha akafanya kazi ya mwili, dawa humshusha sukari kwa nguvu zaidi kuliko aliyekaa. Maana yake, kipimo kilekile kinachomfaa mtu siku ya mapumziko kinaweza kumwangusha siku ya kulima. Sukari ikishuka mno mtu hutoka jasho, hutetemeka, huona njaa ya ghafla, huongea maneno yasiyoeleweka, na asiposaidiwa huzimia. Wapo ambao kwa hali hiyo hudhaniwa wamelewa. Dawa yake ni sukari yenyewe, glukosi au kinywaji kitamu, mara moja, angali anaweza kumeza. Ndiyo maana mwenye kisukari anayetumia insulini hutakiwa kuwa na kitu kitamu mfukoni, jambo linalowachekesha wasiojua, kwa kuwa wameambiwa sukari ni adui yake.

Lawrence mwenyewe hakuacha michezo. Mwaka 1928 alimwoa Doreen Batson, wakapata watoto watatu wa kiume. Hayo yangekuwa mambo ya kawaida kwa mtu mwingine. Kwa mtu aliyekuwa ameshakwenda nchi ya mbali kufia huko, yalikuwa ushahidi ambao mgonjwa mpya aliyeingia kliniki akilia aliuona mbele yake akiwa amevaa koti jeupe.

Kliniki yake katika Hospitali ya King's College ilikua hadi ikawa miongoni mwa kubwa zaidi nchini humo. Lakini palikuwa na kikwazo ambacho kliniki haikuweza kukiondoa. Uingereza ya miaka ya 1930 haikuwa na matibabu ya bure kwa wote. Insulini ilikuwa imeshuka bei, lakini dawa, sindano na chakula maalumu bado vilimlemea maskini. Kujua kujichoma hakusaidii kama chupa ni tupu.

Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa H. G. Wells, mwandishi mashuhuri wa hadithi za kubuni, ikiwemo ile ya mashine ya kusafiri katika wakati. Naye alikuwa na kisukari. Wells aliandika barua katika gazeti la The Times akipendekeza chama cha watu wenye ugonjwa huo, na mwaka 1934 yeye na Lawrence wakakianzisha. Wells akawa rais wake wa kwanza. Hakikuwa chama cha madaktari wanaowasemea wagonjwa, wala cha hisani tu. Wagonjwa na madaktari walikuwa wanachama pamoja, na lengo mojawapo lilikuwa kila mwenye kisukari apate insulini bila kujali kipato chake. Kilitoa jarida lake, na vita vya pili vilipoanza kilikuwa sauti ya watu hao wakati chakula kilipogawiwa kwa kadi. Wenye kisukari waliweza kuachia mgao wao wa sukari na kupewa nyongeza ya vyakula vingine. Huduma ya afya ya taifa ilipoanza mwaka 1948, insulini ikawa sehemu ya huduma hiyo. Chama chenyewe kipo hadi leo kwa jina la Diabetes UK.

Wells alifariki mwaka 1946, akiwa na miaka 79.

Sayansi haikusimama. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark alitangaza insulini inayofanya kazi polepole, na kwa wagonjwa wengi idadi ya sindano za siku ikapungua. Mabomba ya plastiki ya kutupwa yalikuja baadaye sana. Kwa miaka mingi ya maisha yake Lawrence alitumia bomba la kioo.

Mwaka 1950, mjini Amsterdam, vyama vya kisukari vya nchi mbalimbali viliungana na kuunda Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, na Lawrence akachaguliwa kuwa rais wa kwanza, akalitumikia hadi 1958. Vyama vya kisukari vya Tanzania na Kenya ni miongoni mwa wanachama wake. Shirikisho hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani ndilo lililoanzisha Siku ya Kisukari Duniani mwaka 1991. Huadhimishwa Novemba 14, siku aliyozaliwa Banting, na msikilizaji huenda umeona zahanati ya kwenu ikipima watu sukari siku hiyo.

Katika vijiji vyetu bado lipo wazo kwamba daktari akishataja insulini, basi mgonjwa amefika mwisho. Chanzo chake si vigumu kukiona. Mara nyingi mgonjwa hufikishwa hospitali akiwa mahututi, huanzishiwa sindano, na akifariki, lawama huiangukia sindano. Pia kuna tatizo halisi la kutunza dawa. Insulini huharibika kwa joto kali na huharibika pia ikiganda kwa baridi. Pasipo na friji, watu huiweka kwenye mtungi wa udongo wenye maji au mchanga wenye unyevu, kivulini, dawa ikiwa imefungwa isiingie maji, njia ambayo wataalamu wameipima na kuona inapunguza joto kwa kiasi cha kufaa. Muuguzi wa kliniki anaweza kukuonyesha jinsi ya kufanya, na anaweza pia kukuonyesha kujichoma. Somo lenyewe si refu. Jasiri wa siku ya kwanza si lazima awe mgonjwa; kwa mtoto mdogo huwa ni mama.

Lawrence alipata kiharusi mwaka 1958, muda mfupi baada ya kustaafu hospitalini. Alifariki London Agosti 27, 1968, akiwa na miaka 75. Tangu sindano ile ya Mei 31, 1923 ilikuwa imepita miaka 45. Ukihesabu mbili tu kwa siku, ni zaidi ya sindano 32,000, na sehemu kubwa alijichoma kwa mkono wake mwenyewe.

Diabetes UK ilianzisha medali yenye jina lake, inayotolewa kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka 60. Yeye mwenyewe asingeipata. Tangu siku ile mkojo wake ulipopimwa wodini hadi alipofariki ilikuwa miaka 48 hivi, lakini wapo wengi walioipokea, na wengi wao walianza kujichoma wakiwa watoto.